"Kaa Nyumbani" na Mgonjwa wa Figo: Lugha ya Maagizo ya Afya Jijini Nairobi Wakati wa Korona

Utangulizi

Tarehe 13 Machi 2020, serikali ya Kenya ilitangaza kisa cha kwanza cha Korona nchini. Kuanzia tarehe 27 mwezi huo, kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ilitekelezwa, na wananchi wakahimizwa kukaa nyumbani. Makala haya yanachunguza jinsi agizo hilo lilivyomgusa mgonjwa wa figo na wa moyo, na yanashikilia kwamba agizo la afya halikamiliki mpaka libainishe ni nani lisiyemhusu.

Mgonjwa wa figo

Figo zikishindwa kabisa, taka na maji ya ziada huondolewa mwilini kwa mashine, kwa muda wa saa nne hivi kila kipindi. Bima ya taifa ya wakati huo, NHIF, iligharamia vipindi viwili kwa wiki. Kwa hiyo, mkazi wa Kawangware au Kangemi aliyetibiwa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta hakuweza kutii "kaa nyumbani" kikamilifu, kwani kutoka ndiko kulikokuwa tiba. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 pekee, na aliyepangiwa zamu ya alasiri alishindana na saa ya kafyu. Isitoshe, akiambukizwa, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Alihitaji barakoa na nafasi kati ya vitanda. Naye mwenye dalili alihitaji kutengwa bila kunyimwa mashine.

Istilahi nayo ina uzito. Wengi husema "kusafisha figo", ilhali kinachosafishwa ni damu. Anayeamini kwamba figo zake zimesafishwa aweza kudhani zimepona, akaruka kipindi na kuhatarisha uhai.

Mgonjwa wa moyo

Mwezi huo wa Machi 2020 palizuka hofu kwamba baadhi ya dawa za presha zingerahisisha virusi kuingia mwilini. Vyama vya madaktari wa moyo vya Ulaya na Marekani viliwashauri wagonjwa wasiziache. Aidha, maumivu ya ghafla ya kifua hayangoji kafyu iishe.

Hitimisho

Kisarufi, "kaa" ni kitenzi katika hali ya amri, nayo amri hiyo haikuwekewa sharti. Agizo faafu lingetumia viunganishi na hali ya masharti: "Kaa nyumbani, isipokuwa siku ya kusafishwa damu. Usiache dawa ya presha ila kwa idhini ya daktari. Ukiumwa na kifua ghafla, tafuta hospitali hata usiku."

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, lakini somo lake lingalipo. Wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kushirikiana na wahudumu wa afya kuandaa maagizo ya aina hii kabla ya janga jingine kubisha hodi.