Mtoto Mchanga wa Galbet Hahitaji Maji, Hata Wakati wa Joto

Jua likiwaka hapa Galbet na mtoto wa siku tatu akilia, neno linalosikika nyumbani ni: "Ana kiu, mpe maji." Nyanya husema hivyo kwa mapenzi. Wengine hutia sukari, wengine huonjesha maziwa ya ngamia au ya mbuzi. Tuangalie kinachotokea tumboni.

Mtoto huzaliwa utumbo wake ukiwa karibu hauna bakteria. Kisha huanza kuingia: kutoka njia ya uzazi, ngozi ya mama, mikono ya wanaomshika na chochote kinachotiwa mdomoni. Watakaostawi hutegemea sana anacholishwa.

Mwaka 1899 huko Paris, daktari Henri Tissier alichunguza choo cha watoto wanaonyonya, akakuta bakteria wenye umbo kama herufi Y. Leo wanaitwa bifidobakteria. Siri yao imo ndani ya maziwa. Maziwa ya mama yana aina zaidi ya 100 za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Ni chakula cha bakteria hao! Wakizila hutengeneza asidi, na vijidudu vingi vya kuhara haviwezi kustawi penye uchachu huo. Kwa hiyo mama anayenyonyesha hulisha mtoto na walinzi wake pamoja. Dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, ndiyo yenye sukari hizo kwa wingi zaidi, pamoja na kingamwili. Kuyakamua na kuyamwaga ni hasara.

Maziwa ya ngamia ni chakula bora, na hakuna mtu wa kaskazini mashariki atakayebisha. Lakini ni ya ndama. Sukari hizo ndani yake hazifikii kiwango cha mama, na yasipochemshwa yanaweza kuleta ugonjwa wa bruselosi. Maziwa ya kopo nayo, kwa kawaida, huacha bifidobakteria wachache zaidi; atumie yule aliyeshauriwa na mhudumu wa afya.

Na kiu? Takriban asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Joto likizidi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na maji anywe mama. Maji ya mkokoteni wa punda yanaweza kubeba vijidudu, tena hujaza tumbo dogo, mtoto akanyonya kidogo na maziwa ya mama yakapungua.

Aliyekwisha kuonjeshwa maji arudishwe kwenye titi pekee hadi miezi 6. Dawa na ORS alizoandikiwa hospitalini zinaruhusiwa. Baadaye aanze chakula huku akinyonya hadi miaka 2, muda ambao Waislamu wanaujua vyema kutoka Qur'ani. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aombe wauguzi wamsaidie kunyonyesha mapema, kwani mtoto wake hakupitia njia ya uzazi.

Mtoto mchanga akihara, akikataa kunyonya au mwili ukiwa moto, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uendelee kumpa titi njiani.