Somo: Waprotestanti Wanapohitilafiana



Huku kwetu Fataki wengi wenu mna ndugu na jirani Waprotestanti. Nanyi mwasikia kwamba wao kwa wao hawapatani katika mambo yote: Waanglikana hubatiza watoto wachanga, wengine hungoja mpaka mtu aungame imani kwa kinywa chake. Je, yafaa Mkatoliki acheke? Sikilizeni kwanza habari hii.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari Waprotestanti walikutana Kikuyu, katika nchi ya Kenya. Walikuwako Waanglikana, Wapresbiteri wa Uskoti, Wamethodisti, na watu wa Africa Inland Mission, misheni iliyoleta Uprotestanti Rethy, jirani yetu. Walitafuta njia ya kushirikiana. Mwishoni Peel, Askofu Mwanglikana wa Mombasa, aliongoza ibada ya Meza ya Bwana, na wengi wasio Waanglikana wakashiriki.

Frank Weston, Askofu Mwanglikana wa Zanzibar, alipopata habari alichukizwa mno. Aliwashitaki Peel na Willis, Askofu wa Uganda, kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema ni wazushi. Ugomvi ukafika hata Uingereza. Mwaka 1915 Askofu Mkuu alijibu: hakuwahukumu, ila alishauri ibada ya namna ile isirudiwe.

Mwaka 1918 Weston mwenyewe alikwenda Kikuyu, akaeleza mawazo yake mbele yao. Kanisa moja halikupatikana. Lakini misheni nne ziliunda ushirika, na tunda lake ni shule ya Alliance iliyofunguliwa Kikuyu mwaka 1926.

Tujifunze mambo matatu.

Kwanza, tofauti ya imani si jambo dogo, wala haifichwi kwa ajili ya urafiki. Nasi twafundishwa kwamba Komunyo ni alama ya imani moja.

Pili, mwenye neno na mwenzake amwendee. Mashitaka ya mbali huwasha moto. Mazungumzo ya uso kwa uso huupunguza.

Tatu, wasiopatana katika mafundisho waweza kusaidiana katika kazi njema.

Basi, msicheke. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, tarehe 21 Novemba 1964, ulifundisha kwamba utengano wa Wakristu wapingana na mapenzi ya Kristu. Naye Bwana Yezu, usiku wa kuamkia mateso yake, aliwaombea wafuasi wake wawe na umoja. Anayefurahia mafarakano ya wengine afurahia jeraha la Bwana wake.

MASWALI

1. Je, ubatizo wa Waprotestanti ni bure?
Sivyo. Aliyebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kwa nia ya Kanisa, amebatizwa kweli; habatizwi tena.

2. Jirani Mprotestanti akikuuliza habari za imani, utafanyaje?
Nitamjibu kwa upole niliyofundishwa. Nisiyoyajua nitamwuliza katekista, sitabuni.

3. Wakibishana mbele yako?
Sitachochea. Nitawaombea, na kuwasaidia katika kazi njema.