Mficha maradhi katika mji usio na siri



Mji wetu wa Pangani ni mdogo. Ukipiga chafya sokoni asubuhi, kabla ya adhuhuri watu wa Bweni, ng'ambo ya mto, wameshakuombea rehema. Nani kavuka na pantoni, nani kashuka na basi la Tanga, nani kapokea mgeni, yote yanajulikana barazani kabla kahawa haijapoa. Katika mji wa namna hiyo, mimi, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nilijaribu kuficha ugonjwa wa kisukari kwa muda wa miaka miwili. Makala haya ni maelezo ya namna nilivyoshindwa, na mafunzo niliyoyapata katika kushindwa huko.

Niligunduliwa mwaka 2017. Dalili nilikuwa nazo siku nyingi: kiu isiyokwisha, kuamka usiku mara nne au tano kwenda haja ndogo, kupungua mwili hadi kanzu zikanipwaya. Watu wakanisifu kwamba nimekuwa kijana. Nilipopimwa asubuhi kabla ya kula chochote, sukari yangu ilikuwa 14. Daktari akanieleza kwamba mtu aliyefunga usiku kucha akipimwa na kukutwa na 7 au zaidi, na kipimo kikarudiwa kikathibitisha hivyo, huyo ana kisukari. Nikapewa vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamaidi, nikaviweka ndani ya bahasha ya karatasi za mitihani ya zamani ili hata wanangu wasivione.

Kwa nini niliuficha?

Hebu tuwe wakweli. Mtu hafichi maradhi kwa sababu ya ujinga tu. Mimi nilikuwa nafundisha sayansi, najua kongosho liko wapi na linafanya kazi gani. Nilificha kwa sababu za kijamii. Kwanza, nilikuwa na binti aliyekuwa anaposwa, nikaogopa yasije yakasemwa maneno kwamba ukoo ule una sukari. Pili, katika miji yetu ya pwani, kukataa chakula ni kumkataa mwenyeji. Utaingiaje walimani usiguse pilau? Utakaaje maulidini usionje halua? Ukikataa bila sababu utaambiwa unaringa, au unaogopa kulogwa. Tatu, nilijidanganya kwamba kutolalamika ndiyo subira. Nikachanganya subira na ukimya, nikasahau kwamba hayo ni mambo mawili tofauti.

Basi nikawa nakula mbele za watu, kisha nakwenda nyumbani kumeza kidonge cha ziada kwa siri, eti kufidia. Hili ni kosa kubwa ambalo nawaomba wasomaji walitazame vizuri, kwani najua wako wengi wanaolifanya. Dawa si kifutio cha kufutia kilicholiwa.

Siku niliyoanguka

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1440 Hijria, mwezi Mei 2019. Sikumuuliza daktari kama naweza kufunga, maana kuuliza kungenilazimu kukubali kwamba mimi ni mgonjwa. Nilikula daku chai na kipande cha mkate, nikameza vidonge vyote kama siku za kawaida, nikanuia. Huku kwetu karibu na Ikweta saumu ni kama saa 13 hivi, haipungui wala haizidi sana mwaka mzima, na mtu mzima hudhani ni jambo jepesi.

Baada ya sala ya alasiri nikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka la baridi, moyo ukaenda mbio, maneno yakanitatiza mdomoni. Kijana mmoja aliyekuwa jirani yangu safuni aliniuliza kitu nikamjibu upuuzi. Nikaanguka pale pale barazani kwa msikiti. Baadaye niliambiwa kwamba mmoja alisema ni jini, mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba mwalimu labda amekunywa. Fikiria, ndugu yangu, mtu mzima wa miaka 61, mwezi wa Ramadhani, kwenye baraza ya msikiti!

Aliyeniokoa ni mwanamke mmoja muuza vitumbua, ambaye mumewe alifariki kwa ugonjwa huo huo. Aliiona ile jasho akaijua. Alinikuta bado nafumbua macho na naweza kumeza, akanikorogea sukari kwenye maji na kuninywesha taratibu huku watu wakimkemea kwamba anamfunguza mtu saumu. Akawajibu, "Saumu ataikidhi. Roho ataikidhi wapi?" Nilipofikishwa kituo cha afya, hata baada ya maji yale, kipimo kilisoma 3.1. Chini ya 4 ni hatari kwa mtu anayetumia dawa za kisukari, na inapozidi kushuka mtu huweza kupata degedege, kuzimia, na hata kufa.

Jioni ile mji mzima ulijua. Siri ya miaka miwili ilikwisha kwa dakika kumi.

Ruhusa ni sehemu ya dini

Funzo la kwanza nilipewa na imamu wetu aliyekuja kunijulia hali. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mwalimu, Yule aliyefaradhisha saumu katika Suratul Baqara, si ndiye aliyemtaja mgonjwa na msafiri hapo hapo? Wewe ulisoma nusu ya aya?" Nikanyamaza. Mgonjwa ambaye saumu inamdhuru ana ruhusa ya kula. Akitarajia kupona atakidhi siku nyingine, na ambaye maradhi yake ni ya kudumu na hawezi kukidhi, atalisha maskini kwa kila siku aliyokula. Kuikataa ruhusa ya Mola kwa kuwaogopa watu si uchamungu. Ni kuwapa watu nafasi isiyo yao.

Hii si kusema kila mwenye kisukari asifunge. Wako wanaofunga salama, lakini baada ya kumwona daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ili dawa zipangwe upya. Mimi nilielezwa kwamba metformini peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi, bali glibenklamaidi inaweza, hasa mtu akikaa na njaa. Kila mtu na hali yake, kwa hiyo asije mtu akaiga dawa yangu kwa kusoma gazeti. Na anayefunga apime mchana. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wameeleza kwamba kuchoma kidole kwa ajili ya kipimo hakubatilishi saumu. Kipimo kikisoma chini ya 4, au kikizidi 16, afungue mara moja, asisubiri adhana.

Udhu na miguu yetu

Funzo la pili lilikuja kwa msiba. Rafiki yangu, fundi baiskeli, naye alikuwa na kisukari na alikuwa akificha kama mimi. Alikanyaga msumari hakusikia maumivu, kwa kuwa sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Kidonda kikatoa harufu, akakifunga kitambaa na kuvaa soksi. Aliposhindwa kutembea tukampeleka Tanga, kilomita kama 50 kutoka kwetu, na mguu ukakatwa chini ya goti. Siku nilipokwenda kumtazama alinishika mkono akaniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa naosha mguu huu mara tano kwa siku, na sikuutazama hata mara moja."

Maneno hayo sijayasahau. Ndugu Waislamu, madaktari duniani kote wanawahimiza wagonjwa wa kisukari wakague miguu yao kila siku. Sisi tunaishika mara tano! Unapotawadha, tazama unyayo, pitisha kidole kati ya vidole kama sunna ilivyo, angalia kama pana mkwaruzo, lengelenge au wekundu. Kisha kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, kwani unyevu huleta fangasi. Ukitoka msikitini usiende peku juu ya mchanga wa saa saba mchana. Na kidonda cha mguu, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, kipeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kila mtu ni tabibu

Sasa nisije nikaonekana nausifia mji wangu kupita kiasi. Ugonjwa wako ukijulikana katika mji mdogo, kila mtu anakuwa tabibu. Mmoja aliniletea majani ya mlonge, mwingine mdalasini, mwingine habbat sauda, mwingine mizizi ambayo jina lake hakutaka kulitaja. Mmoja aliniapia kwamba nikinywa dawa yake siku saba nitupe vidonge vya hospitali. Wapo pia waliokuwa wakinisimamia kijiko cha wali kama mahakimu.

Msimamo wangu ni huu. Mtume (S.A.W.) aliwahimiza watu watafute matibabu, na alifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila na dawa yake, isipokuwa uzee. Basi atakayekunywa habbat sauda na anywe, lakini amwambie daktari wake, na asiache dawa aliyopangiwa. Anayekuambia acha dawa leo, kesho hatakuwepo pale utakapozimia. Wapo wagonjwa, hasa watoto na vijana ambao kongosho lao halitoi kabisa insulini, ambao wakiacha sindano kwa siku chache tu hufa. Kabla insulini haijagunduliwa huko Toronto, Kanada, mwaka 1921, watoto hao walikuwa hawaponi. Hiyo nayo ni rehema ambayo Allah (S.W.) aliipitisha katika mikono ya waja wake.

Mtungi na friji la soda

Lakini mji huo huo unaosema ndio unaobeba. Baada ya mimi kuanguka, imamu aliniomba niseme maneno machache baada ya sala ya Ijumaa. Nilisimama miguu ikitetemeka kuliko siku ya kwanza ya kufundisha. Nikasema, "Mimi nina kisukari, na nilikuwa naona haya." Sikuongeza mengi. Kabla ya Ijumaa iliyofuata watu wanne walinifuata nyumbani, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akiangalia nyuma kama anayeogopa kuonekana.

Mmoja wao alikuwa bibi wa makamo aliyepangiwa insulini akakataa kwa kuwa hana friji. Tukamtafutia njia. Chupa ambazo hazijafunguliwa sasa zinakaa katika friji la duka la jirani, mbali na sehemu ya barafu, kwani insulini ikiganda huharibika. Hiyo anayoitumia anaiweka nyumbani katika kopo kavu lililofungwa, ndani ya mtungi wa udongo uliozungukwa na mchanga mbichi, kivulini. Njia hii ya mtungi inatumika sehemu nyingi za joto duniani. Kwa hiyo friji lile lile linalotuuzia soda ndilo linalomhifadhia bibi yetu uhai wake.

Na muuza kahawa wetu sasa akiniona hanipi kashata, ananipa kikombe kichungu na kusema, "Cha mwalimu hiki." Walimani napewa sahani ya samaki na mchicha bila kuomba. Binti yangu aliolewa, na mkwe wangu ndiye anayenikumbusha siku ya kliniki. Yote niliyoyaogopa hayakutokea. Yaliyotokea ni yale niliyokuwa siyaogopi: kuanguka, na mguu wa rafiki yangu.

Wito kwa ndugu wa mjini

Wewe unayesoma gazeti hili Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, una wazazi katika mji kama wetu. Kila Idd unakuja na katoni za soda, biskuti na mfuko wa sukari, na unaona umetenda wema. Safari hii mwulize mzee wako lini alipimwa mara ya mwisho sukari, presha na macho. Mletee kipimo cha sukari na vile vijiti vyake vya kupimia, maana vijiti ndivyo vinavyokwisha na ndivyo vinavyogharimu. Hilo pia ni birri kwa wazazi wawili.

Na misikiti yetu, inayochangisha kwa ajili ya zulia na vipaza sauti, haishindwi kuwa na kipimo kimoja, na muuguzi mmoja Muislamu au asiye Muislamu wa kuja siku moja kwa mwezi, kila mtu na sindano yake mpya ya kuchomea kidole.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi Allah (S.W.) aliniumbua kabla ya kifo, akanipa muda. Nawe mwenye bahasha iliyofichwa kabatini, usisubiri kuanguka barazani. Mwambie mtu mmoja leo.

Wabillahi tawfiq.