Mdogo wangu, umekwama mstari gani?

Wadogo zangu wa Ruanda, na nyie wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, leo tuongee hesabu. Usifunge ukurasa kwanza. Najua wengi wenu mmeshaambiwa, tena na watu wanaowapenda, kwamba somo hilo muwaachie wavulana. Sikubaliani nalo hata kidogo, na nina mtu wa kuwaonyesha.

Profesa Verdiana Grace Masanja alizaliwa Bukoba mwaka 1954, akasoma sekondari ya wasichana ya Jangwani, Dar es Salaam. Mwaka 1976 alimaliza shahada ya hisabati na fizikia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na uzamili akaupata hapo hapo mwaka 1981. Kisha akaenda Berlin, Ujerumani. Huko, mtu mwenye uzamili tayari, akachukua uzamili mwingine wa fizikia, na udaktari juu yake. Ndiye mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata udaktari wa hisabati. Mimi huo uzamili wa pili unanigusa kuliko hata sifa ya kuwa wa kwanza. Wangapi kati yetu tungekubali kurudi dawatini namna hiyo?

Alichokuwa anakitafuta ni mwendo wa vimiminika ndani ya bomba la mviringo, hasa vile visivyotiririka kama maji. Fikiria uji mzito: ukiusukuma bombani, wa katikati na ule unaogusa ukuta wa bomba hauendi kasi moja. Yeye alitaka kuuandika mwendo wa namna hiyo kwa milinganyo. Alianza nao Dar, akaenda nao Berlin.

Na nyie wa milimani mnaishi na swali la jamii hiyo hiyo. Tazameni ngoro, yale mashimo ya shambani. Nyasi zinalazwa kwa miraba, udongo wa katikati unachimbwa na kuzifunika, shimo linabaki. Mvua ikipiga kwenye mteremko, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia na udongo. Tena kwa desturi ya Wamatengo, wanaochimba ni akina mama. Ukienda shamba, muulize bibi kwa nini mashimo yamepangwa vile. Halafu pima moja, upana na kina, ukokotoe linabeba ndoo ngapi. Hiyo ni hesabu yako, hakuna kitabu chenye jibu lake.

Sasa darasani. Mwalimu kaandika ubaoni x² − 5x + 6 = 0, akaruka hadi majibu, 2 na 3, nawe unanakili. Subiri. Tia 2 mahali pa x: 4 kutoa 10 kujumlisha 6, unapata 0. Tia 3: 9 kutoa 15 kujumlisha 6, sifuri tena. Tia 4, unapata 2, imekataa. Umeshahakikisha mwenyewe, bila kumtegemea mtu. Na ukikwama, piga mstari chini ya hatua ya mwisho uliyoielewa, kesho ulizia hapo hapo. Ukisema "sijaelewa hesabu," mwalimu hana pa kuanzia. Ukisema "hii 6 imegawanywa vipi kupata 2 na 3," atakujibu kwa dakika moja.

Wapo watakaocheka ukinyoosha mkono. Nyoosha tu.

Limebaki la nyumbani, na hili ndilo gumu kuliko yote. Msimu wa kahawa ukifika, binti anachuma, anateka maji, anapika, na daftari linafunguliwa akiwa anasinzia. Profesa Masanja mwenyewe ameandika kuhusu wanawake katika hisabati na sayansi, kwa hiyo usidhani uchovu wako ni jambo dogo lisilostahili kusemwa. Zungumza na mama, kwa adabu, siku ametulia. Usiombe kuachiwa kazi zote. Omba muda wa saa moja kabla giza halijaingia, na utaje siku zenyewe. Kama kuna kaka nyumbani, kwa saa hiyo ndoo aichukue yeye.