Lalamiko la Meno Lipelekwe Wapi?

Jino limeng'olewa, siku tatu zimepita, taya limevimba na maumivu hayaishi. Ukirudi kliniki unaambiwa uvumilie. Jamaa mmoja anakushauri uandikie chama cha madaktari wa meno, mwingine anasema nenda polisi, wa tatu anataka uanike picha ya uso wako mtandaoni. Kwanza kabisa tafuta matibabu kwa daktari mwingine. Uvimbe wa taya unaoambatana na homa, au unaokuzuia kumeza, ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Ukishapata nafuu, lalamika, na ulalamike panapohusika. Kenya ina vyombo vitatu vinavyotajwa kila yanapozuka mambo ya madaktari wa meno, na ni kimoja tu kilichowekwa na sheria kumlinda mgonjwa.

Chombo hicho ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana zaidi kwa herufi KMPDC. Hadi 2019 liliitwa Bodi. Ndilo linalosajili madaktari wa meno, likawapa leseni ambayo lazima ihuishwe kila mwaka, na ndilo linalosajili kliniki na hospitali zenyewe. Chombo cha pili, KDA, ni chama cha kitaaluma ambacho madaktari wa meno hujiunga nacho kwa hiari. Huwaendeleza kimafunzo na kuitetea fani yao mbele ya serikali. Cha tatu, KMPDU, ni chama cha wafanyakazi. Hiki ndicho kilichoongoza mgomo wa siku 100 uliomalizika Machi 2017, kisha ule wa siku 56 mwaka 2024, ambapo mvutano mkubwa ulihusu malipo ya madaktari wanagenzi: mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi, nayo serikali ikashikilia 70,000.

Utetezi huo ni haki yao, na mgonjwa naye hufaidika daktari anapolipwa vizuri. Hatari huja mtetezi na msimamizi wanapokuwa watu walewale. Huko Marekani, katika jimbo la North Carolina, bodi ya kusimamia udaktari wa meno ilijaa madaktari wa meno wenyewe. Watu wasio madaktari walipoanza kung'arisha meno kwa bei nafuu, bodi iliwatumia barua za kuwaamuru waache. Shauri lilifika Mahakama ya Juu, na Februari 2015 majaji sita dhidi ya watatu waliamua kuwa bodi inayotawaliwa na wanabiashara wa soko lile lile haikingwi dhidi ya sheria za ushindani ikiwa serikali haiisimamii kwa karibu. Kwangu mimi hilo ni somo kubwa. Baraza likianza kulinda mifuko ya wanachama, mgonjwa hana tena pa kwenda. Kwa hiyo tunapaswa kufuatilia ni akina nani wanaoteuliwa barazani, na kama raia wasio madaktari wana viti humo.

Njia bora, hata hivyo, ni kukagua kabla ya kuketi kwenye kiti. Tazama ukutani: kliniki ina leseni yake na daktari ana yake. Soma jina, kisha soma mwaka. Cheti cha chuo kilichowekwa kwenye fremu nzuri si leseni. Majina ya waliosajiliwa yako pia kwenye tovuti ya baraza, na kuyatafuta kwa simu hakuchukui muda. Nasisitiza hili kwa sababu ya saluni na vibanda vinavyobandika waya za kunyoosha meno kama pambo, na kwa sababu ya wenzetu wa Bonde la Ufa, ambao meno yao yamekuwa ya kahawia kutokana na madini ya floridi katika maji waliyokunywa utotoni, meno yalipokuwa yakiumbika. Rangi hiyo imo ndani ya gamba la jino. Anayeisugua kwa tindikali analila gamba lenyewe, na gamba la jino haliachi mbegu ya kuota tena.

Ukiandika lalamiko, taja mambo, usitaje hasira. "Tarehe 4 Machi nilikwenda na jino la juu kulia likiuma, nilipotoka, lililong'olewa lilikuwa la chini." Sentensi kama hiyo ina uzito kuliko kurasa mbili za shutuma. Eleza ulichoambiwa kabla ya sindano ya ganzi, na kama ulitia sahihi karatasi yoyote. Ambatisha risiti au ujumbe wa M-Pesa, na nakala ya picha ya eksirei. Kliniki ikikataa kukupa rekodi zako, ikumbushe kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona. Daktari atatakiwa kujibu, na akipatikana na kosa anaweza kuonywa, kutozwa faini, kusimamishwa kwa muda au kufutwa kwenye sajili.

Ukitaka fidia kwa madhara uliyopata, mahali pake hasa ni mahakamani, na muda haukusubiri. Kesi ya uzembe ina miaka 3 tangu tukio. Dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Wengi wanaotibiwa katika hospitali za umma huligundua hili wakiwa wamechelewa, basi muone wakili mapema hata kama baraza bado linachunguza.

Na ikiwa aliyekung'oa jino hana leseni kabisa, baraza halina cha kumfutia. Hilo ni kosa la jinai. Toa habari kwa baraza na kwa polisi pia, ukieleza mtaa, jengo, na siku anazofungua, na usimwambie mhusika kwamba umeshtaki, asije akahamisha vifaa vyake kabla hajafikiwa.