Bima ya Moto Kutoka Jimbo Jingine: Kodi Anailipa Nani?

Ukiwa na duka au nyumba ya kupangisha Marekani, bima ya moto huikwepi. Benki iliyokukopesha itaidai. Wengi huangalia ada tu, kodi iliyomo hawaiulizi. Tangu sheria ya McCarran-Ferguson ya mwaka 1945, mamlaka ya kusimamia bima na kuitoza kodi yamebaki mikononi mwa majimbo, na kila jimbo lina viwango vyake.

Kabla hujatia saini, ingia kwenye tovuti ya idara ya bima ya jimbo lilipo jengo, utazame kama kampuni hiyo ina leseni huko. Ikiwa inayo, kodi huilipa yenyewe hata kama makao yake yako jimbo jingine, na wewe hudaiwi kujaza fomu yoyote. New York hutoza kampuni za nje 2% ya ada za bima ya moto, na fedha hizo huwafikia zimamoto wa eneo lilipo jengo. Naiona kodi ya haki kabisa, maana moto ukiwaka ni hao watakaokuja. Kwa hiyo hakikisha anwani ya jengo kwenye hati ya bima ni sahihi. Ikikosewa, fungu la zimamoto wako linaweza kwenda kwingine.

Kazi huanza pale kampuni isipokuwa na leseni. Jengo la mbao kuukuu, mgahawa wenye makaango mengi, nyumba iliyo karibu na misitu inayoungua California: kampuni zenye leseni mara nyingi hukataa, na dalali hukutafutia nyingine nje. Hapo kodi huandikwa kando ya ada na unailipa wewe kupitia dalali: California 3%, New York 3.6%, Texas 4.85%. Ada ya dola 6,000 Texas inazaa kodi ya dola 291. Dai mchanganuo wa maandishi, kodi mstari wake na ada ya dalali mstari wake, kisha upige hesabu mwenyewe. Muulize pia fidia itatoka wapi kampuni ikifilisika, kwa sababu mifuko ya dhamana ya majimbo kwa kawaida haizigusi kampuni hizi.

Usikubali kutozwa na majimbo mawili kwa bima moja ya namna hii. Tangu Julai 2011, ni jimbo la nyumbani la mwenye bima pekee linaloruhusiwa kutoza. Lakini ukiishi Minnesota na jengo pekee unalolikatia bima liko Texas, sheria inaihesabu Texas kuwa ndiyo jimbo lako la nyumbani.

Na ukinunua moja kwa moja kwa kampuni isiyo na leseni, bila dalali, majimbo mengi yanakutaka upeleke kodi mwenyewe. Uliza tarehe ya mwisho siku ileile unapolipia bima.