Cheni ya Taimingi Ikiruka: Somo kwa Vijana wa Bodaboda

Vijana wetu wengi wa Malindi na Kilifi wanakula kwa pikipiki, na wengine bado wanailipia mkopo. Ikilala gereji wiki nzima, nyumbani hakuna unga. Kwa hivyo tulijue jambo hili, tusibabaishwe.

Hedi ikifunguliwa, cheni ifungwe kwa waya isitumbukie chini. Ikiteleza, tusikisie. Tunazungusha magneto polepole kwa mkono, huku tumeishika cheni isijikunje, mpaka alama ya T ilingane na alama ya kava. Hapo pistoni iko juu kabisa. Alama ya gia ya kamshafti nayo ilingane na ukingo wa hedi (hutofautiana kidogo kwa kila aina ya pikipiki), valvu zote mbili zikiwa zimefungwa. Ndipo tunarudisha cheni, kisha tenshena.

Kabla ya kupiga kiki, zungusha injini kwa mkono mizunguko 2, kwani krankshafti huzunguka mara 2 kamshafti ikizunguka mara 1. Alama zirudi palepale. Ikikwama, wacha! Ukilazimisha, valvu zitagonga pistoni zipinde. Hata jino 1 tu likipita, pikipiki hukosa nguvu, na wengi hukimbilia kununua plagi mpya bure.